Elimu ya juu mtandaoni huku Kusini: tatizo si bando peke yake, ni mhadhiri kutoonekana

Mkufunzi wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu leo nusu kesho.

Niko Mtwara mjini. Kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa ni kuwasimamia watu wanaosoma stashahada na shahada kwa njia ya mtandao bila kuhama huku. Wengi ni walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika. Ada wanalipa vyuo vya Dar na Dodoma, wengine hata nje ya nchi, lakini kitabu wanakipigia Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa na Liwale. Nawaona wanavyoanza kwa moto na nawaona wanavyopotea. Mtu akiacha chuo, sababu anazotaja ni zile zile: bando, mtandao, umeme. Ni za kweli. Ila kwa ninavyowafahamu, hizo humchelewesha mtu, hazimwondoi. Kinachomwondoa ni kusoma peke yake miezi na miezi bila yeyote upande wa pili kuonyesha kwamba anajua yupo.

Kusoma ukiwa mbali na chuo si jambo la jana. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969 na ikapokea wanafunzi wa kwanza 1971. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, wakati huku kwetu hata simu ya mezani ilikuwa ya wachache. Waliotangulia walishajua kwamba kumtumia mtu bunda la vitabu si kumfundisha. Ndiyo maana Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Mtwara na Lindi tukiwemo. Mwanafunzi alihitaji mahali pa kwenda na mtu wa kumuuliza.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Vyuo vikafungwa Machi, vikafunguliwa Juni mosi, na sehemu kubwa ya dunia ikahamishia masomo mtandaoni kwa haraka. Mwezi ule ule wa Machi, mtafiti Charles Hodges na wenzake waliandika makala wakionya kwamba ufundishaji wa dharura usichanganywe na elimu ya mtandaoni iliyopangwa. Kozi nzuri ya mtandaoni, walisema, huandaliwa kwa miezi kabla mwanafunzi hajaingia. Onyo lile wengi hatukulishika. Dharura imekwisha lakini tabia zake zimebaki: mhadhiri anapakia madesa aliyotumia darasani, anatuma kiungo cha kipindi cha moja kwa moja, anaweka tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi, anatoweka mpaka mtihani. Hiyo inaitwa kozi, na ada inalipwa kamili.

Tangu 1989 Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alishaeleza kwamba anayesoma kwa mbali anahitaji mawasiliano ya aina tatu: yeye na somo, yeye na mwalimu, yeye na wanafunzi wenzake. Mwaka 2000 mtafiti Randy Garrison na wenzake wakaongeza kwamba uwepo wa mwalimu ndio unaoshika vingine visitawanyike. Nikizipima kwa hayo kozi ninazozisimamia, nyingi zina ile ya kwanza tu. Ya pili haipo. Ya tatu wanafunzi wameijenga wenyewe kwenye kundi la WhatsApp ambalo chuo hakina habari nalo, na humo ndimo jibu sahihi na jibu la kupotosha vinakosafiri kwa kasi moja.

Sasa, mhadhiri kuonekana si kukaa mbele ya kamera kila siku. Nina mwanafunzi wa Nanyamba anayesoma mipango na maendeleo. Katika kozi zake za semista iliyopita, moja ilikuwa na mhadhiri aliyetuma ujumbe kila Jumatatu asubuhi: wiki hii tunasoma hiki, sehemu ngumu ni hii, wengi kwenye kazi iliyopita mmekosea hapa, swali likiletwa nitajibu kabla ya Alhamisi. Ujumbe mfupi, haukuwa na picha wala mapambo. Alhamisi ikifika, kweli majibu yapo. Kozi nyingine ilikuwa na video za kupendeza zilizorekodiwa studio, lakini swali aliloliuliza wiki ya pili halikujibiwa mpaka mtihani ukapita. Ile ya kwanza aliimaliza na anaizungumzia mpaka leo. Ya pili alishika sapu, yaani mtihani wa kurudia, na alipoipata hiyo sapu hakuwa na pa kuuliza amekosea wapi.

Kusahihisha nako kuna lake. Mwanafunzi wa mtandaoni haoni uso wa mwalimu wala hasikii wenzake wakinong'ona kwamba hata wao hawakuelewa. Kioo chake ni maoni kwenye kazi aliyokusanya. Kazi ya kwanza ikirudi na alama 9 kati ya 20 bila neno lolote, na ikarudi baada ya kazi ya pili kukusanywa, makosa atayarudia yale yale. Bora kazi fupi mara nyingi zenye maoni ya mistari mitatu kuliko kazi moja nzito ya mwisho wa semista. Na ukitaka kujua nani atapotea, angalia wiki tatu za mwanzo. Mfumo wa kujifunzia kama Moodle unamwonyesha mhadhiri nani ameingia na nani hajaingia. Asiyeingia apigiwe simu wakati huo, siyo kuandikiwa barua ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, mwezi wa sita.

Niseme la bando sasa, maana najua mtaniuliza. Hesabu ni rahisi. Video ya ubora wa kati inayotembea kwa megabiti 1.5 kwa sekunde inakula takribani megabaiti 675 kwa saa. Mhadhara ule ule ukirekodiwa sauti tupu na kukandamizwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ni megabaiti 14 na kitu. Ukiongeza slaidi zilizopunguzwa uzito, mwanafunzi anaibeba wiki nzima ya masomo kwa bei ya vocha ndogo kabisa. Wala si kwamba tunampa cha kimaskini. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za masomo kwenye jukwaa la edX, wakaona muda wa kawaida mtu anaotazama hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Ile video ya saa mbili inawatafuna watu bando kwa dakika ambazo wengi hawatazitazama.

Kuna jambo la mwezi Mei 2024 ambalo wapangaji wa ratiba wanapaswa kulikumbuka. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara yetu ya kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa na magari yakakwama. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Mtu wa Kusini mwezi ule hakuwa na barabara wala mtandao wa kutegemea, na bado kuna mfumo uliofunga dirisha la kukusanya kazi saa 5:59 usiku kama ulivyopangwa. Waliochelewa walipata sifuri. Tarehe ya mwisho isiyo na siku za ziada inapima hali ya waya, haipimi akili ya mwanafunzi.

Ombi langu kwa vyuo ni moja: kabla kozi haijafunguliwa, mpeni mtu wa Liwale mwenye simu ya kawaida aijaribu wiki mbili. Akiweza kusoma, kuuliza, kujibiwa na kukusanya kazi, fungueni.

Wenye uzoefu karibuni. Walimu, wanafunzi, waajiri, wazazi, semeni mlichokiona.

---

Muuguzi Newala

Mwalimu, umenigusa. Nasoma shahada ya uuguzi huku nikiwa kazini, zamu za usiku zinanihusu, na nina mtoto wa mwaka na nusu.

Naongeza suala la vipindi vya moja kwa moja. Kozi yetu moja iliweka kipindi saa 2 usiku na mahudhurio yana alama. Saa 2 usiku ndiyo napokea ripoti ya wodi. Nikiwa off, ndiyo saa ya kumlaza mtoto. Halafu tukalazimishwa kuwasha kamera kipindi kizima. Dada mwenzetu mmoja anaishi chumba kimoja na familia nzima, aliona haya, akawa anazima, akahesabiwa hayupo. Kamera inakula bando na inaingia ndani ya nyumba ya mtu bila hodi.

Nilizungumza na mhadhiri kwa heshima, nikamwomba atupe rekodi na atuulize maswali matatu ya kujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili, hayo ndiyo yawe mahudhurio. Akakubali. Tangu hapo watu wengi zaidi wanashiriki, hata wale ambao kwenye kipindi walikuwa kimya kwa sababu Kiingereza cha kuongea kinawapa shida. Kwenye maandishi mtu ana muda wa kufikiri. Naona akina mama ndio tumefaidika zaidi.

---

Mhasibu wa Masasi

Heshima kwako mleta uzi, ila mimi nina wasiwasi ambao hujaugusa. Ninashiriki kwenye usaili wa kuajiri. Nikiona cheti cha mtandaoni najiuliza kazi zile ziliandikwa na nani. Zamani tulikuwa na watu wa kuandikia wenzao kwa pesa, leo kuna ChatGPT bure kwenye simu. Kijana anakuja na alama za juu, unamuuliza jambo la msingi kuhusu usuluhishi wa hesabu za benki, anakutazama. Vyuo viweke mitambo ya kukamata maandishi ya akili mnemba, bila hivyo vyeti hivi vitakosa thamani na watakaoumia ni hao hao waliosoma kwa haki.

---

Mkufunzi wa Shangani

Kaka Mhasibu, wasiwasi wako ni halali na ni wangu pia. Dawa uliyoitaja ndiyo siiungi mkono, na sababu inawahusu hasa watu wetu.

ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Kampuni yenyewe iliyoitengeneza, OpenAI, ilitoa kigunduzi chake cha kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na binadamu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Chanzo ni kwamba vigunduzi vile vinashuku maandishi yenye msamiati mwepesi na sentensi za kawaida. Sasa mfikirie kijana wa Kitangari aliyekua na Kimakonde nyumbani na Kiswahili shuleni, Kiingereza akaanza kukitumia masomo yote sekondari. Anaandika sentensi fupi zilizonyooka kwa sababu ndizo anazozimudu. Mashine itamwita mwizi, na huyo hana wa kumtetea. Nimeshamwona mmoja akituhumiwa hivyo na chuo kimoja, akakata tamaa kabla rufaa yake haijasikilizwa.

Njia ninayoiamini ni kubadili kazi zenyewe. Swali la "eleza faida na hasara za ushirika" mashine inalijibu kwa sekunde kumi. Swali la "chukua mnada mmoja wa korosho uliofanyika wilayani kwako msimu huu, fuata gunia kutoka chama cha msingi mpaka ghala, onyesha makato yote na useme lipi ungelifuta na kwa nini" linamtaka mtu atoke nyumbani, aulize watu, ashike karatasi. Hata akiitumia mashine kunyoosha lugha, maarifa ni yake. Kisha mpigie simu dakika tano umwulize kuhusu alichoandika. Aliyeandika mwenyewe ataongea mpaka umzuie. Kwa darasa la watu 40 dakika tano kila mmoja ni saa tatu na dakika ishirini, kazi ya siku moja. Kwa darasa la 600 haiwezekani, na hapo ndipo vyuo viulizwe kwa nini mhadhiri mmoja amepewa watu 600 mtandaoni wakati darasani asingepewa. Watu wameingiza dhana kwamba mtandao ni njia ya kubana matumizi ya walimu. Uwepo wa mwalimu unagharimu, mtandaoni kama darasani.

Mtihani wa mwisho ufanyike kituoni, chini ya msimamizi, mtu na kitambulisho chake. Vituo vipo mikoani na hilo linajenga imani unayoitafuta. Kuhusu programu zinazomrekodi mwanafunzi chumbani kwake akifanya mtihani, tukumbuke tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023. Chuo kinachorekodi sura ya mtu na nyumba yake kina wajibu wa kumweleza kinachukua nini, cha nini, na kitakaa nacho muda gani. Mwulizeni mkuu wa kozi yenu swali hilo muone kama ana jibu.

---

Mwl. Liwale

Umeitaja wilaya yangu mara mbili, lazima nichangie.

Huku tuko walimu sita tunaosoma vyuo vitatu tofauti. Tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye maabara ya shule, mkuu wa shule ameturuhusu. Mmoja mwenye laini inayoshika vizuri anapakua masomo ya wote usiku wa Ijumaa, Jumamosi tunagawana kwa kurushiana simu kwa simu, hakuna anayetumia bando. Vile vishikwambi walimu tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022 vimetusaidia sana, kioo kikubwa, kusoma PDF si mateso kama kwenye simu.

Tunasoma masomo tofauti lakini kukaa pamoja kunasaidia. Ukiwa na aibu ya kuwaambia wenzako kwamba wiki hii hukusoma, utasoma. Mwaka jana mmoja wetu alifiwa na mzazi katikati ya semista, tungekuwa kila mtu kivyake angeacha. Tulimwandikia barua ya kuomba muda, tukasoma naye usiku, akafanya mitihani.

Hakuna chuo kilichowahi kutuuliza kama tupo. Wangetupa hata mkufunzi mmoja wa kuja mara moja kwa semista, au kupiga simu Jumamosi tukiwa wote, tungefika mbali.

---

Mzazi Tandahimba

Mimi si msomi mkubwa, nina binti anasoma mtandaoni mwaka wa pili. Nauliza la ada. Sisi fedha tunaipata minada ya korosho, Oktoba mpaka Desemba, na malipo yenyewe hayaji siku ya mnada. Chuo kinataka ada yote Machi kwa semista ya pili. Usipolipa mfumo unamfungia, hata masomo hayaoni. Machi huku ni njaa. Yule binti alifungiwa wiki tano akarudi wenzake wako mbali. Chuo kinapata faida gani kumfungia mtoto kusoma?

---

Mkufunzi wa Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Hili umelisema vizuri kuliko ambavyo ningeliandika.

Kumfungia mtu masomo kwa sababu ya ada ni jambo ambalo darasani lilikuwa gumu, mtu angeweza kukaa nyuma akasikiliza. Mtandaoni ni kubofya tu. Chuo kina haki ya ada yake, na kinaweza kuzuia matokeo au mtihani mpaka ilipwe. Kuzuia masomo kunaua uwezo wa yule mtoto kufaulu, na akifeli ada ya mwaka ujao nayo imekwenda. Naomba ufanye hivi: muda wa korosho, malipo yakitoka, lipeni ada ya semista zote mbili kwa pamoja kama inawezekana. Isipowezekana, andikeni barua mapema Januari, kabla ya kufungiwa, mkiomba kulipa kwa awamu na mkitaja tarehe. Ambatisheni nakala ya stakabadhi ya ghala kuonyesha kipato chenu ni cha msimu. Barua inayofika kabla ya deni ina uzito tofauti na ile ya baada. Wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa wenye ufuta nao wana msimu wao wa katikati ya mwaka, nao waandike kwa kalenda yao.

Mwalimu wa Liwale, hicho mnachokifanya Jumamosi ndicho kile cha tatu cha Moore nilichokitaja, na mmekijenga bila senti ya chuo. Niko tayari kupiga simu Jumamosi moja kila mwezi mkiwa wote, maswali ya namna ya kuandika utafiti na kusoma takwimu nitayaweza hata kama vyuo vyenu ni tofauti. Nitumie ujumbe wa faragha tupange saa.

---

Muuguzi Newala

Mwl. Liwale, huo utaratibu wa kupakua mara moja mnaufanyaje? Sisi kila mtu anafungua mfumo kivyake, bando linaisha katikati ya wiki.

---

Mwl. Liwale

Dada, kama chuo chenu kinatumia Moodle, pakua programu yake ya simu, siyo kuingia kwa kivinjari. Ndani ya kozi kuna alama ya kupakua kwa kila sehemu, kama chuo hakijaizima. Ukibonyeza inashuka yote, unasoma bila mtandao, na kazi nyingine unaweza kuijibu bila mtandao ikaondoka yenyewe ukipata mtandao. Mafaili ya kawaida unawarushia wenzako. Maswali ya majaribio hayarushiki, hayo kila mtu na akaunti yake, na msipeane nywila hata mkiaminiana vipi, chuo kikiona akaunti moja kwenye simu sita mtaingia matatani.

Usipoiona hiyo alama, mwandikie msimamizi wa mfumo wa chuo aifungulie kozi yako. Kwetu ilichukua jumbe mbili na simu moja.

---

Mhasibu wa Masasi

Mleta uzi, nimekuelewa kwenye suala la vigunduzi, sikujua hiyo habari ya TOEFL. Lile swali la kufuata gunia nimelipenda, nitaliuliza kwenye usaili ujao, kwa wa mtandaoni na wa darasani wote sawa. Na hapa ofisini tuna chumba cha mikutano kinakaa wazi Jumamosi, kina umeme wa uhakika na mtandao. Nitamwomba mkurugenzi wanafunzi wa Masasi wakitumie. Akikubali nitaweka tangazo humu humu.